Gogo Lisilotaka Kuzama

Siku hizi hapa kwetu Mombasa ukibisha hodi nyumba ya watu, huenda ukapokewa kwa mambo mawili: kahawa na tende, na tangi la kioo lenye samaki. Zamani samaki tulimjua wa namna mbili, wa kupaka na wa kukaanga. Leo yuko wa tatu, naye ni wa kutazamwa. Sina ugomvi naye hata kidogo. Kumtazama samaki akipunga mapezi yake taratibu, mtu umekaa kitako baada ya sala ya magharibi, ni raha ambayo haina gharama ya ulimi wala haizui fitina ya majirani.

Lakini tangi tupu lenye maji na changarawe ni kama chumba kisicho na kitanda. Samaki hataki kuonekana kila saa. Ataka kivuli, ataka pango la kujificha mwenzake amkalipapo, ataka mahali pa kutaga. Ndipo wafugaji wakaona waweke gogo: mzizi uliopindapinda, au tawi lililotupwa na mawimbi, jambo la kupendeza macho na la kumfaa samaki pia. Marehemu Takashi Amano wa Japani, aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyeufanya mtindo huu upendwe duniani, kwani matangi yake yalipambwa kwa miti, mawe na mimea mpaka ukadhani ni msitu uliogharikishwa. Tena wako makambare wa Amerika Kusini, wenye midomo ya kunyonya, ambao hukwangua mti mchana kutwa. Baadhi yao mti kwao si pambo, ni chakula.

Basi mtu hununua gogo lake, au huliokota pwani, hulitia ndani ya tangi, akarudi nyuma hatua mbili alitazame. Na gogo nalo likapanda juu, likaelea kama dau lililokatika kamba.

Msomaji atacheka aseme, "Ewe bwana, mti si huelea? Hilo hata mtoto wa chuo alijua." Naam, alijua. Lakini ukimwuliza kwa nini mti huelea, atakwambia kwa sababu ni mwepesi; na hapo ndipo sisi sote tulipokosea tangu utotoni. Mti si mwepesi.

Nieleze kidogo. Archimedes wa Sirakusa, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Nabii Isa, ndiye aliyetuachia kanuni ya kwamba kitu kikitiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondosha mahali pake. Wanavyuoni wa Kiislamu waliipokea elimu hiyo wakaifanyia kazi. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipima madini na vito kwa kuangalia ni maji kiasi gani yamemwagika kitu kinapotumbukizwa. Na al-Khazini, aliyeishi mji wa Merv, aliandika mwaka 1121 kitabu kiitwacho Mizan al-Hikma, yaani Mizani ya Hekima, ambamo alieleza namna ya kupima vitu hewani na kuvipima tena majini ili ijulikane dhahabu safi na dhahabu iliyochanganywa. Twawasoma hao kwa fahari, lakini fahari pasi na kuitumia elimu yenyewe ni sawa na kuning'iniza taa isiyo na mafuta.

Ukichukua mti wowote ule, uwe msufi au uwe mpingo, ukaondoa hewa yote iliyo ndani yake, ukabakisha kuta zake tu za nyuzinyuzi, lita moja ya kuta hizo ina uzito wa kama kilo moja na nusu. Lita ya maji ni kilo moja. Maana yake ni kwamba mwili wa mti, kwa asili yake, ni wa kuzama. Kinachoelea ni hewa iliyofungiwa ndani ya vijumba na mishipa ambayo mti ulipokuwa hai ilipitisha maji. Msufi una vijumba vipana na kuta nyembamba, ndiyo maana huelea kama unyoya. Mpingo kuta zake ni nene na hewa ni haba, ndiyo maana kipande chake, hata kikiwa kikavu cha miaka mingi, hutumbukia chini kama jiwe.

Kwa hivyo kazi ya mwenye tangi si kulilazimisha gogo lizame. Kazi yake ni kuitoa hewa na kuyaingiza maji mahali pake. Akilifahamu hilo, mengine yote ni mapishi.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili bila ya mizani ya al-Khazini. Nenda kwenye mikoko. Mlilana una mizizi ya kupumulia inayochomoza juu ya tope, myepesi ajabu, na wavuvi waliikata wakaifanya vilezo vya nyavu. Hatua chache kutoka hapo uko mkoko wenyewe, ambao boriti yake mbichi ukiiachia majini huiokoti tena ila maji yakitoka. Miti miwili, tope moja, bahari moja. Mmoja wafanywa chelezo, wa pili wazama. Anayetaka gogo la tangi na alitazame kwanza hilo: ni mti gani? Huko ng'ambo wauza samaki wana mti wa mopani, utokao kusini mwa Afrika, ambao huzama upesi, na wana mizizi ya vichaka fulani ambayo huelea majuma mengi. Bei huenda ikawa moja, lakini taabu si moja.

Na liko jingine ambalo mabaharia watanielewa haraka kuliko wafugaji. Lita ya maji ya bahari ni nzito kuliko ya maji tamu kwa kama gramu 25. Ndiyo maana ile alama iliyochorwa ubavuni mwa meli, iliyotiwa katika sheria ya Uingereza mwaka 1876 kwa juhudi za Samuel Plimsoll, ina mstari mmoja wa maji ya chumvi na mwingine wa maji tamu: meli ile ile, kwa shehena ile ile, huzama zaidi kidogo ikiingia mtoni. Gogo nalo ni vivyo hivyo. Gogo ulilolikuta linaelea baharini huku limezama karibu lote, pengine ukilitia katika maji tamu siku hiyo hiyo litakwenda chini bila ya kusukumwa. Lakini likikaa juani mchangani mwezi mzima, hewa imekwisha rudi nyumbani kwake, na wewe waanza upya.

Nilivutwa katika mambo haya na hasara ya mpwa wangu. Yeye ni kinyozi, ana kibanda chake pembeni mwa mtaa wetu, na tangi la samaki aliliweka ili wateja wanaongojea zamu wapate la kutazama zaidi ya vichwa vya wenzao. Alitumia akiba ya miezi. Gogo alilinunua kwa muuzaji mmoja aliyemwambia, "Litie tu, litazama lenyewe." Siku ya tatu lilikuwa bado laelea, na mpwa wangu, kijana wa siku hizi, hana subira ya kungoja hata chai ipoe. Akachukua jiwe la matumbawe kubwa kama kichwa cha mtu, akalipandisha juu ya gogo. Gogo likazama. Akafunga mlango akaenda zake kulala.

Usiku gogo liligeuka. Lazima ligeuke, kwa kuwa kitu kieleacho ukikitwisha mzigo juu hutafuta namna ya kuuweka mzigo chini. Hilo kila nahodha alijua: farumi ya jahazi hutiwa chini ngamani, haiwekwi juu ya sitaha. Jiwe likaporomoka, likapiga kioo cha chini, na maji lita mia na zaidi yakapita chini ya mlango mpaka kwa jirani, fundi wa cherehani, aliyekuwa na majora ya kitambaa cha arusi sakafuni. Asubuhi mpwa wangu alikuta samaki wake wamekauka juu ya changarawe. Alinusurika kambare mmoja tu, aliyejibana chini ya gogo lile lile katika maji ya vidole viwili yaliyobaki pembeni.

Alinijia akasema, "Mjomba, mimi samaki basi. Nimlipe fundi cherehani, niuze lililobaki, yaishe." Nami nilimhurumia, kwani fundi alikuwa na haki yake na arusi ya watu haingoji. Lakini nilimwambia kuacha ni hiari yake, ila asiache kwa sababu ya ujinga wa muuzaji. Tukafuatana mpaka kwa mzee mmoja aliyeunda majahazi maisha yake yote. Alikuwa ameketi barazani na chokaa imemganda kuchani, maana hata leo hii akiletewa mashua haachi kuitia deheni kwa mkono wake. Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za watoto, nilimweleza shida yetu. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu.

"Maalim," akaniambia, "mimi miaka hamsini nafanya kazi ya kuzuia maji yasiingie mtini. Leo waja waniuliza namna ya kuyaingiza!"

Kisha akalipindua gogo la mpwa wangu, akalisugua kwa kidole gumba kwenye kichwa chake lilipokatwa. Akasema, "Mti hunywa kwa mdomo, haunywi kwa mbavu. Na mdomo wa huu umezibwa." Alikusudia kwamba mishipa ya mti hukimbia kwa urefu wake, na maji huingia upesi kwenye vichwa vilivyokatwa kuliko ubavuni. Gogo lile lilikuwa limekaa dukani, vichwa vyake vimeziba kwa vumbi na utomvu uliokauka. Akatwaa msumeno, akakata kila upande kipande chembamba kama sarafu, mti mpya ukaonekana. Halafu kwa keke akatoboa matundu manne chini, upande usioonekana. Hakutaka malipo, alitaka tu aambiwe gogo litakapozama.

Sasa kuhusu maji ya moto. Wafugaji wengi huambiana, "Chemsha," nao huchemsha, kisha wakalitoa gogo linapofuka mvuke wakaliweka kando lipoe. Hapo wamefanya nusu ya kazi wakaitupa. Moto huifanya hewa iliyo ndani itanuke na kutoka. Ndiyo mapovu yale unayoyaona. Lakini gogo likianza kupoa, mvuke na hewa iliyobaki hunywea, na mti hufyonza chochote kilicho karibu nao. Likiwa nje, lafyonza hewa. Likiwa ndani ya maji, lafyonza maji. Basi lichemshe saa moja au mbili, zima moto, na uliache humo humo limekandamizwa chini ya maji mpaka lipoe kabisa, hata usiku kucha. Rudia kesho. Mara tatu au nne za namna hii huweza kufanya kazi ya majuma ya kuloweka. Usizidishe ukaligeuza uji, maana mti uliochemshwa kupita kiasi hulegea nyuzi zake na huoza mapema. Kuchemsha kuna faida nyingine, huua mayai ya wadudu na ukungu.

Sufuria ni mtihani mwingine. Nilimwomba mama watoto anipe lile sufuria kubwa la pilau ya arusi, akanitazama kama niliyeomba talaka. Alikuwa na haki. Maji ya gogo hutoka mekundu kama chai ya rangi na huacha harufu ya magome. Tulitafuta debe. Kwa gogo lisiloingia katika chombo chochote, litie kwenye pipa ulimwagie maji ya moto, ufunike, ungoje. Wala usilitie katika jiko la kuokea mikate, maana wapo waliochoma gogo na jiko pamoja. Wala usitie sabuni au dawa ya kufulia, kwani mti ulioweza kunywa maji utakunywa na sumu, na utaitapika kidogo kidogo ndani ya tangi.

Kwa mtu wa Mombasa, kuloweka ni rahisi kusema. Gogo lataka maji mapya kila siku mbili tatu, na sisi twayajua maji yetu: mfereji waja siku na wakosa siku, na siku ukikosa ni mkokoteni na mitungi ya lita 20. Yanayotoka Mzima kule Tsavo yana safari ndefu kabla ya kufika kwetu, si ya kumwaga ovyo. Mpwa wangu alitumia ya kisima kwa kulowekea, ambayo hapa kisiwani mengi ni ya chumvichumvi, na juma la mwisho tu akalowekea ya mfereji ili kuitoa ile chumvi. Yale mekundu mkewe alimwagia mirehani na miasumini, baada ya kukataza yale ya chumvi yasikaribie vyungu vyake. Muda wote huo ulikuwa juma la sita. Nilipokuwa nikipita jioni nikiliona gogo limelala chini ya maji, nusu limezama na nusu lanitazama, nilimwandikia mpwa wangu ubeti huu apate kujifurahisha:

Gogo nimelizamisha, lainuka kunicheka,
Na jiwe nikalitwisha, lajitingisha latoka,
Motoni nikachemsha, hadi jua likashuka,
Pumzi zikilitoka, ndipo gogo huzamiya.

Akaubandika ukutani kwake. Wateja wakawa wauliza gogo limefika wapi kama waulizavyo matokeo ya kandanda.

Asiyeweza kungoja hivyo na alifungie gogo jiwe, lakini chini, si juu. Hapa pwani tuna jiwe la Mazeras, hili bapa tunalotandazia nyua. Toboa matundu mawili matatu kwa keke, pitisha skurubu za chuma kisichoshika kutu, ulikaze gogo juu yake, kisha jiwe ulifukie chini ya changarawe. Gogo litasimama kama mti ulioota. Ukubwa wa jiwe usiukisie. Tia gogo katika pipa, ulining'inizie chubwi za kuvulia moja moja mpaka lianze kwenda chini. Zitoe chubwi uzipime. Ikiwa ni nusu kilo ya risasi, jiwe lataka kuwa robo tatu ya kilo angalau, kwa sababu jiwe hupoteza uzito mwingi zaidi majini: jiwe gumu la kilo moja huwa kama gramu 600 tu likiwa chini ya maji. Zidisha kidogo kwa usalama, na chubwi uzirudishe kwenye mshipi wako. Risasi haifai kukaa na samaki.

Jiwe la matumbawe usilitumie kwa samaki wa maji tamu wasiopenda chokaa. Lile litamumunyika pole pole na kuyafanya maji kuwa magumu. Kulijua ni rahisi, limwagie siki. Likitoa mapovu, lina chokaa. Na hapa kwetu karibu kila jiwe utakaloliinua kando ya bahari litatoa mapovu.

Jambo la hatari kuliko yote ni lile la wajanja: hulikata gogo kwa kipimo cha tangi, wakalibana kati ya kioo na kioo ili lisipande. Mti ukinywa maji hutanuka. Nguvu ya mti unaotanuka si ya kufanyia mzaha. Kioo hakitanuki, hupasuka. Fundi wa cherehani yeyote aliye jirani na tangi kama hilo na anyanyue majora yake mapema.

Upande wa pili, wako waliohangaika na msaji kwa haja iliyo kinyume cha hii yetu. Mti huo, ambao mbao zake ziliunda vyombo vingi vilivyokuja kwetu kwa kaskazi, ukiwa mbichi huzama. Wakata miti wa Burma waliuchuna gome duara shinani, ukafa hali umesimama, wakauacha miaka ukauke papo hapo, kisha ndipo wakauangusha na kuupeleka na mto. Walikuwa wakiutia hewa. Ukitaka kuona mti uliokubali maji kabisa, nenda Fort Jesus ukatazame vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama mbele ya ngome ile mwaka 1697 na ikaanza kuchimbuliwa na wapiga mbizi mwaka 1977. Sehemu ya mbavu zake ilikuwa ingali pale chini topeni karibu miaka mia tatu, maana tope liliwanyima nafasi wadudu wa baharini watoboao mbao.

Mtu asije akaondoka hapa na panga kwenda mikokoni. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na boriti kupelekwa ng'ambo kulipigwa marufuku mwaka 1982. Kukata bila kibali ni kosa, na samaki wa kitoweo huzaliwa mle. Liokotwe lililokwisha kufa na kutupwa. Nalo lisiwe na lami ya meli, kwani mafuta hayachemshiki yakaisha. Waliouona mkono wa bahari wa Makupa baada ya tangi la mafuta kupasuka mwaka 1988 wajua mafuta huifanya nini mikoko, seuze samaki. Lisiwe nguzo ya umeme iliyotiwa dawa. Lisiwe mnyaa wala utupa, ambao wavuvi wasiomcha Mungu huutia majini kulevya samaki. Mnazi nao ni mgumu nje na sifongo ndani, huoza. Mbuyu ndio usiutaje.

Gogo likisha kuzama, maji ya tangi yatageuka rangi ya chai hafifu. Wengi huogopa wakayamwaga. Hiyo ni tanini, ile ile ya magome ya mkoko, na haidhuru samaki wa kawaida. Samaki wa Rio Negro huko Brazili wamezaliwa katika maji meusi kama kahawa ya buli, nao huchangamka zaidi wakiyapata. Kwa wasiopenda rangi, mkaa wa chujio huiondoa. Lakini mwenye samaki wa Ziwa Tanganyika au wa Ziwa Malawi na awape mawe, si magogo, kwa kuwa wao wapenda maji yenye chokaa: Tanganyika yenyewe katika kipimo cha ukali wa maji, ambapo 7 ni katikati, ni karibu 9. Hapa nina neno kidogo. Twanunua kwa bei kubwa samaki wa Amazon, na hali wafugaji wa Ulaya wathamini samaki mdogo wa Unguja, Nothobranchius guentheri, mwekundu wa mkia, ambaye mayai yake hukaa katika tope kavu la vidimbwi mpaka mvua irejee. Mwenzetu huyo hatumjui hata jina la Kiswahili hatukumpa.

Katika juma la kwanza au la pili gogo pia litaota utando mweupe kama ute wa bamia. Mpwa wangu aliniamsha usiku kwa simu kwa ajili yake. Hauna madhara, hula sukari iliyobaki mtini, nao hwisha wenyewe baada ya majuma machache, au konokono hwuumaliza mapema.

Tangi jipya lilijazwa siku ya Ijumaa baada ya sala. Gogo lilikwenda chini mara moja, likatoa povu moja kutoka tundu la nne, likatulia. Yule kambare aliachiwa wa kwanza, akaenda kujibandika pale pale alipokuwa ule usiku. Mpwa wangu alimpigia simu mzee wa majahazi, na fundi wa cherehani, ambaye deni lake lilikuwa limebaki kidogo, alikuja kunyolewa bure.

Ukihama nyumba, gogo lako usiliache likauke. Lifunge gunia bichi, lilowe njia nzima, likafike likiwa maji matupu. Likikaa juani juma mbili juu ya paa la nyumba mpya, kachukue tena debe.